Kompyuta Ndogo ya Gemu na Kuhariri Video: Mini-ITX, Micro-ATX au Mashine ya Ofisi ya Mtumba?

Mpiga video anayerekodi mazishi Kakamega siku ya Ijumaa na harusi Kisumu siku ya Jumamosi, kisha Jumapili jioni akataka kucheza EA Sports FC na ndugu zake, hana haja ya kompyuta mbili. Anahitaji moja yenye nguvu ya kutosha, inayokaa pembeni mwa meza au ndani ya begi, na ambayo vifaa vyake vinakubaliana. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa kompyuta kubwa ya mezani humvumilia mnunuzi asiye makini: kadi ya grafiki ikiwa ndefu kidogo hupata pa kukaa, waya ukizidi hufichwa, na kipoza joto kikiwa kirefu hakigusi mlango. Kasha dogo halina uvumilivu huo, na milimita tatu tu zinatosha kukurudisha dukani au, vibaya zaidi, kurudisha kifurushi Nairobi kwa gharama yako.

Njia zinazolinganishwa hapa ni tatu. Ya kwanza ni mothabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote, ya umbo la Mini-ITX, yenye milimita 170 kwa 170, ndani ya kasha la lita 10 hadi 20; mfano wangu ni kasha la Cooler Master NR200, ambalo ni la lita 18 na kitu, pamoja na prosesa ya AMD Ryzen 5 7600 na kadi ya grafiki ya GeForce RTX 5060 Ti yenye memori ya GB 16. Ya pili ni mothabodi ya Micro-ATX, yenye milimita 244 kwa 244, ndani ya kasha ambalo ni dogo bila kuwa dogo kupindukia, kama Lian Li A3-mATX la lita 26, pamoja na prosesa ya Intel Core i5-14500 na kadi ya RTX 3060 ya GB 12 au iliyo juu yake. Ya tatu ni kompyuta ya ofisi ya mtumba kutoka Uingereza, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za umbo jembamba ambazo wauzaji wetu huziita ex-UK, ikiongezewa kadi fupi ya RTX 3050 ya GB 6.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa mtu anayeishi magharibi mwa Kenya na ambaye kamera ndiyo inayomlisha, ninaipendelea njia ya pili, na sababu kubwa haimo katika kasi bali katika urahisi wa kupata kipuri siku kifaa kinapokufa katikati ya kazi ya mteja. Hata hivyo, ya kwanza ina hali zake ambamo inashinda wazi, na ya tatu ina wateja ambao wakinunua zaidi ya hiyo watakuwa wamemwaga pesa.

Anza na faili za kamera yako

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza gemu fulani itakwenda fremu ngapi kwa sekunde. Ni swali halali, lakini kwa kompyuta ya kazi mbili swali la kwanza ni namna kamera yako inavyobana video, kwa sababu gemu isiyokwenda vizuri hupunguzwa ubora wa picha kwa kubofya mara mbili, ilhali video inayokwama kila unapoiburuta mbele na nyuma itakusumbua kila siku ya kazi.

Chukua mfano wa Sony a6400, kamera ambayo hurekodi 4K kwa biti 8 (kina cha rangi), rangi za 4:2:0, katika mfumo wa kubana video uitwao H.264. Maana ya 4:2:0 ni kwamba taarifa moja ya rangi hutumika kwa nukta nne za picha. Katika 4:2:2, taarifa moja hutumika kwa nukta mbili, kwa hiyo rangi huvumilia zaidi unapozirekebisha. Faili za aina ya kwanza hufunguliwa kwa wepesi na mashine zote tatu tunazolinganisha, kwa sababu prosesa na kadi zake zina injini ya video, yaani sehemu ya chipu iliyoundwa mahususi kwa kufungua na kubana video bila kuzichosha sehemu nyingine. Simu nyingi pia hurekodi 4:2:0, na anayehariri video za simu pekee anaweza kuruka aya mbili zijazo bila hasara.

Mambo hubadilika unapohamia kamera kama Sony FX30, Sony a7 IV au Canon R6 na kuanza kurekodi biti 10 za 4:2:2. Hapo kadi za RTX 3060, RTX 4060 na Radeon RX 7600, pamoja na sifa zake zote katika gemu, hazina uwezo wa kufungua aina hiyo kwa injini ya video, na mzigo wote huangukia viini vya prosesa. Grafiki ya ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14 hufungua 4:2:2 ya biti 10 iwapo imebanwa kwa H.265, na hii ndiyo sababu Core i5-14500 ikiwa na kadi ya zamani ya RTX 3060 inaweza kuburuta video ya Canon kwa ulaini kuliko Ryzen 5 7600 yenye RTX 4060, ingawa katika gemu itaachwa nyuma. Kadi za familia ya RTX 50, kama hiyo RTX 5060 Ti, zilizoingia sokoni mwaka 2025, ndizo zilizoleta uwezo huo upande wa NVIDIA, na zimekwenda hatua moja zaidi kwa kufungua pia 4:2:2 ya biti 10 iliyobanwa kwa H.264, aina ambayo Sony huitumia katika XAVC S na ambayo grafiki ya ndani ya Intel haiifungui. Mwenye Sony ana njia ya kukwepa tatizo hilo bila kununua chochote: abadili mpangilio wa kamera kutoka XAVC S kwenda XAVC HS, ambayo ni H.265.

Kwa hiyo njia ya kwanza, ikiwa na Ryzen, inategemea kabisa kadi ya RTX 50 kwa video za 4:2:2, na ukiamua kuokoa pesa kwa kuweka kadi ya kizazi kilichotangulia utakuwa umeondoa nguzo iliyoshikilia paa. Njia ya pili ina injini ya Intel ya kuegemea hata kadi ikiwa ya zamani, mradi ujihadhari na herufi F. Prosesa kama Core i5-12400F au 14400F hazina grafiki ya ndani. Ndiyo maana bei yake ni nafuu na wachezaji gemu huzisifu, lakini mhariri akiinunua hupoteza kile hasa kilichomfanya aichague Intel. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba mothabodi nyingi huzima grafiki ya ndani mara kadi inapochomekwa, na ni lazima uingie kwenye BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye mothabodi, na kuiwasha kwa mkono. Nimeona mashine nzuri kabisa zikilaumiwa kwa uzito ambao dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa mipangilio.

Kuna watakaosema kwamba haya yote hayana maana, kwa kuwa unaweza kutengeneza nakala nyepesi za video, ukahariri kwa nakala hizo na kurudi kwenye faili halisi mwishoni. Wana haki. Anayefanya hivyo kila mara yuko huru kuchagua prosesa na kadi yoyote, lakini nakala hizo hutengenezwa kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku, na umeme ukikatika saa nane za usiku, asubuhi mteja hupiga simu kabla hazijakamilika.

Kwa upande wa gemu, tofauti ni rahisi kueleza. RTX 5060 Ti inaishinda RTX 3060 kwa umbali mkubwa, na RTX 3060 nayo inaishinda RTX 3050 ya GB 6. Kwenye skrini ya 1080p, zote tatu huendesha FC na GTA V bila shida, na tofauti huonekana katika gemu mpya nzito au skrini ya 1440p. Soma tu idadi ya GB kwenye sanduku, kwa kuwa RTX 3060 ipo pia ya GB 8 yenye njia nyembamba ya memori, na RTX 5060 Ti ipo ya GB 8 pia. Kwa kusafisha chembechembe za picha za usiku katika programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, GB 8 hujaa upesi.

Milimita za kasha

Njia ya kwanza hudai utumie rula. NR200 huchukua kadi ya hadi milimita 330 na kipoza joto cha hadi milimita 155, na mtu akisoma kwamba Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina urefu wa milimita 155 hufurahi kuwa vimelingana. Vimelingana kwenye karatasi. Kipoza hicho kina feni ya mbele inayokaa juu ya memori, na vijiti vya memori vikiwa na mapambo marefu, feni hupandishwa juu milimita chache, na hapo mlango hauwezi tena kufungwa. Toleo dogo la kipoza hicho hicho, lenye urefu wa milimita 135, huondoa wasiwasi wote, na kwa Ryzen 5 7600, ambayo haivuti zaidi ya wati 88, halipungukiwi na chochote. Memori fupi zisizo na taa pia ni chaguo bora kuliko zile ndefu za kumeremeta.

Makasha madogo zaidi ya hapo yapo. Fractal Design Terra ni la lita 10.4 na ni zuri kwa macho, lakini kipoza joto chake hakiwezi kuzidi milimita 77, na milimita hizo hupungua kadiri unavyosogeza ukuta wa kati ili kuipa nafasi kadi nene. Kwa Nakuru, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,850 na yenye jioni za baridi, kasha kama hilo linaweza kuvumilika. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi kando ya ziwa, mchana hukaribia nyuzi 30 mara kwa mara, na chumba cha juu chenye paa la mabati huzidi hapo. Joto la chipu hupanda pamoja na joto la chumba takriban nyuzi kwa nyuzi, kwa hiyo jaribio ulilolitazama mtandaoni, lililofanywa katika chumba cha nyuzi 21 huko Ulaya, ongeza nyuzi kumi kichwani kabla ya kulikubali.

Njia ya pili ndiyo isiyo na hadithi ndefu hapa. A3-mATX huchukua kadi ya hadi milimita 415 na kipoza joto cha milimita 165, kwa hiyo karibu kila kitu kinachouzwa huingia. Unachopaswa kuangalia ni mahali inapokaa pawa saplai, kifaa kinachoigawia mashine umeme, maana ikiwa ndefu hupunguza urefu wa kadi unaobaki. Kipoza joto cha zamani ulichonacho nyumbani kutoka Intel ya kizazi cha 10 hakitakaa vizuri kwenye LGA1700, soketi (kikao cha prosesa) inayotumiwa na Core i5-14500, bila vishikizo vipya, kwa sababu matundu yalihamishwa kutoka milimita 75 hadi 78.

Kuhusu makasha ya vioo na taa za rangi, nina neno moja kwa wakazi wa kando ya ziwa. Wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga usiku kwa makundi, na kasha linalong'aa lenye feni zinazovuta hewa mbele ni mwaliko kwao. Chagua kasha lenye wavu wa kuchuja unaotoka bila bisibisi, uuoshe mara kwa mara, na kama ni lazima uwe na taa, zizime usiku dirisha likiwa wazi.

Umeme, UPS na radi

Pawa saplai ya umbo la SFX, ambayo Mini-ITX nyingi huitaka, ina upana wa milimita 125, kimo cha 63.5 na kina cha 100. Ile ya ATX ya kawaida ina upana wa 150, kimo cha 86 na kina cha kuanzia 140. Umeme unaotolewa na zote mbili ni ule ule, ila SFX ni ghali zaidi kwa wati zile zile, na feni yake ndogo husikika zaidi mzigo unapopanda.

Hesabu ya wati haihitaji kikokotoo maalumu. Mashine ya kwanza huvuta wati 88 za prosesa na 180 za RTX 5060 Ti, na ukiongeza 60 za mothabodi, diski na feni unafika kama 330. Mashine ya pili, prosesa ikiachiwa hadi kiwango chake cha juu cha wati 154 na RTX 3060 ikavuta 170, hufika kama 385. Pawa saplai nzuri ya wati 550 hadi 650 inatosha zote mbili kwa nafasi ya kupumua. Za wati 1,000 zinazouzwa kwa bei ya kutupa, zisizo na alama ya ufanisi ya 80 Plus wala jina la kueleweka, ziache pale pale zilipo.

Tofauti hiyo ya wati 55 huonekana ndogo mpaka unaponunua UPS, betri inayoshika zamu umeme unapokatika. UPS ya 650 VA (volti-ampea, kipimo kinachoandikwa kwenye sanduku), ambayo ndiyo inayopangwa mbele kwenye rafu, kwa kawaida hutoa wati 360 hadi 390 tu, na bado hujaweka skrini. Mashine ya kwanza itaponea chupuchupu. Ya pili itaizima UPS hiyo pale pale umeme unapokatika wakati wa kutoa video ya mwisho. Kwa zote mbili ninashauri UPS ya VA 1,000 hadi 1,200, na ununue kwa kusoma wati badala ya VA. UPS za bei nafuu hutoa wimbi la umeme lisilo laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa zenye PFC, yaani urekebishaji wa namna umeme unavyovutwa, hulikataa na kuzima mara betri inapochukua zamu. Kwa hiyo, ikiwezekana, beba kompyuta yako hadi dukani, ichomeke kwenye UPS hiyo, kisha uchomoe waya wa ukutani ikiwa kazini. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo amekujibu.

Radi nayo si jambo la pembeni kwa wakazi wa Kisii, Kakamega na Kericho. Kizuia mshtuko wa umeme husaidia kwa misukosuko ya kawaida ya volti 240 zetu zinazopanda na kushuka, lakini radi inapopiga karibu hakuna soketi ya ukutani yenye ubavu. Chomoa waya wa umeme, na usisahau ule wa intaneti, maana mothabodi nyingi huuawa kupitia huo.

Memori na diski, kwa ufupi

Ryzen 5 7600 hukaa kwenye soketi ya AM5, ambayo hukubali memori ya kizazi cha DDR5 pekee, na vijiti viwili vya DDR5-6000 (namba hiyo ni mwendo wake) ndivyo vinavyoifaa zaidi. Core i5-14500 hukubali DDR4 au DDR5, lakini mothabodi ni lazima iwe ya aina moja. Ya DDR4 haipokei kijiti cha DDR5, na mkato wa kijiti umehamishwa makusudi ili usilazimishe. Bei za memori zilipanda vikali kuelekea mwisho wa 2025 viwanda vilipoelekeza chipu zao kwenye seva za akili unde, na hapo uwezo wa kutumia DDR4 uliyo nayo au ya mtumba ukageuka kuwa faida ya kweli ya njia ya pili. Mini-ITX ina nafasi mbili tu, kwa hiyo ukizijaza kwa GB 8 mbili, siku ya kupanda utauza zote. Anza na GB 16 mbili. Mwenye Micro-ATX ya AM5 asidanganywe na nafasi nne alizonazo, kwani vijiti vinne vya DDR5 kwenye soketi hiyo hushusha mwendo rasmi hadi 3600.

Kuhusu diski, piga hesabu ya kazi moja. Kamera ya megabiti 100 kwa sekunde hujaza GB 45 kwa saa. Kamera tatu kwenye harusi ya saa nne ni GB 540, na hiyo ni zaidi ya nusu ya diski ya TB 1 kabla hujahariri chochote. Mini-ITX kwa kawaida ina nafasi mbili za M.2, yaani za diski bapa za kasi zinazochomekwa kwenye mothabodi yenyewe, na ya pili mara nyingi iko mgongoni mwa mothabodi, ambako huwezi kufika bila kufumua mashine yote. Weka diski kubwa huko siku ya kwanza. Micro-ATX huwa na nafasi mbili au tatu mbele, pamoja na nafasi nne za waya za SATA kwa diski za kuhifadhia. Diski ya M.2 ya aina ya PCIe 3.0 yenye kasi ya MB 3,500 kwa sekunde inatosha kuhariri. Sioni sababu ya kulipia zaidi.

Siku kipuri kinapokufa

Hapa ndipo msimamo wangu unapotoka. Pawa saplai ya ATX ya wati 550 hupatikana Kisumu, Nakuru na Eldoret, na fundi wa mtaani anaweza kukuazima moja ili umalize kazi. SFX kwa kawaida huagizwa Nairobi, na iwapo haipo huko huagizwa nje, na siku hizo zote bibi harusi anasubiri. Mothabodi za Mini-ITX zina hali ile ile: aina chache, bei ya juu, na ukikuta moja dukani huna uhuru wa kuchagua. Micro-ATX ndiyo inayotumika katika kompyuta nyingi za bei ya kati, kwa hiyo hata ya mtumba hupatikana. Anayehariri kwa kujifurahisha anaweza kupuuza aya hii yote. Anayelipwa kwa tarehe hawezi.

Onyo moja linalohusu zote: pawa saplai ikibadilishwa, badilisha na waya zake. Waya zinazochomolewa za kampuni moja zinaweza kuingia vizuri kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine huku mpangilio wa ndani ukiwa tofauti kabisa, na matokeo yake ni diski na mothabodi kuungua kwa sekunde moja.

Upande wa maisha marefu, mizani inarudi kwa AMD. Soketi ya AM5 ilizinduliwa 2022 na AMD imeahidi kuiunga mkono hadi 2027 na baadaye, kwa hiyo Ryzen 5 7600 ya leo inaweza kubadilishwa na prosesa mpya bila kugusa kingine, baada ya kusasisha BIOS. LGA1700 imefika mwisho. Kizazi cha 14 ndicho cha mwisho kwake, na Intel ilihamia LGA1851 mwaka 2024. Anayefikiria kupanda hadi Core i7 au i9 za kizazi cha 13 na 14, hasa za mtumba, akumbuke kwamba Intel ilikiri tatizo la volti lililoharibu baadhi yake, ikatoa marekebisho ya BIOS mwaka 2024 na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Prosesa iliyotumika kabla ya marekebisho hayo huenda ilikwisha umia. Na kwa kuwa ukubwa wa mothabodi na chapa ya prosesa ni maamuzi mawili tofauti, hakuna kinachokuzuia kuchukua Micro-ATX ya AM5 yenye kadi ya RTX 50. Kwa mwenye bajeti ya kufika huko, huo ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote.

Njia ya kwanza inabaki na mwenyewe wa halali: mtu anayesafiri na mashine. Kama kila wiki unahariri Nakuru na kukabidhi Kisumu, lita nane za tofauti kati ya NR200 na A3 ndizo zinazoamua iwapo kompyuta itakaa mapajani au itarushwa kwenye buti la matatu chini ya magunia. Ifunge kwenye begi lenye sifongo, na kabla ya barabara ya Kericho chomoa kadi ya grafiki uifunge peke yake, kwa kuwa uzito wake ukiruka kwenye matuta huvunja nafasi ya PCIe inamochomekwa.

Mashine ya mtumba kutoka Uingereza

Njia ya tatu ndiyo ya bei ya chini, na kwa anayerekodi kwa simu au kamera ya 4:2:0 ni ya heshima kabisa. Chagua yenye Core i5-8500, i7-8700 au mpya kuliko hizo. Kizazi cha 6 na cha 7 bado vinauzwa kwa wingi kwa bei ya kuvutia, lakini Windows 11 haivikubali rasmi, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mipaka yake ni migumu. Pawa saplai ya mashine hizi mara nyingi ni ya wati 180 hadi 260, ina umbo na plagi za kampuni yenyewe, na haibadilishwi na ya kawaida. Mothabodi nayo ni hivyo hivyo. Nafasi ya PCIe hutoa wati 75 tu, kwa hiyo kadi ni lazima iwe fupi kwa kimo na isiyohitaji waya wa ziada. RTX 3050 ya GB 6 huvuta wati 70 na hutengenezwa pia kwa umbo fupi, na ndiyo maana nimeichagua. Hakikisha sanduku lina bamba fupi la nyuma, maana bila hilo kadi haifungiki, na usikubali RTX 3050 ya GB 8, ambayo ni kadi nyingine kabisa yenye kiu ya waya wa umeme. Angalia pia unene wake, kwa sababu baadhi ya EliteDesk zina bandari au waya zinazogusa feni ya kadi nene.

Kabla ya kulipa kwa M-Pesa, omba mashine ifunguliwe. Tazama vumbi kwenye kipoza joto, tazama kama kapasita zimevimba, na uhesabu vijiti vya memori badala ya kuamini karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kwa anayejenga njia ya kwanza au ya pili kwa vifaa vipya vinavyotumwa kwa basi kutoka Nairobi, la kumwuliza muuzaji kwa maandishi ni kama toleo la BIOS lililomo linaitambua prosesa yako; mothabodi ya LGA1700 yenye chipu ya B760 iliyokaa stoo tangu mwanzo wa 2023 huenda isiiwashe Core i5-14500, na kama haina kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa itabidi uazime prosesa ya kizazi cha 12 au 13, jambo ambalo si rahisi kulipata Bungoma siku ya Jumapili.